Kwa Nini Printa ya Wizara Hununuliwa Juni

Mwananchi akisikia wizara imechukua miezi minne kununua printa, moja kwa moja huwaza bahasha ya chini ya meza. Huenda ipo. Lakini kwa niliyoyaona, ucheleweshaji mwingi huanzia kwenye karatasi ya kwanza kabisa, ile inayoandikwa na idara inayohitaji kitu.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Tanzania ya mwaka 2023 inagawa kazi kwa makusudi. Idara tumizi hueleza inachotaka. Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi huandaa nyaraka na kutangaza, kamati ya tathmini huchambua, Bodi ya Zabuni huidhinisha. Juu yao yuko Afisa Masuuli, ambaye wizarani ni Katibu Mkuu. Huyo ndiye hujibu hoja za ukaguzi. Watumishi hulalamikia mlolongo huu, ila ndio unaomzuia anayetaka kitu asijichagulie muuzaji.

Turudi kwenye karatasi. Idara ikiandika "printa nzuri, 5", afisa ugavi wa kitengo cha ununuzi hana cha kutangaza. Nzuri kwa lipi? Ikitaja chapa, imewafungia mlango wauzaji wengine. Ikilazimika kuitaja, sharti iongeze maneno "au inayolingana nayo". Kinachotakiwa ni kurasa ngapi kwa dakika, karatasi ya ukubwa gani, dhamana ya muda gani. Basi jalada linarudishwa idarani. Mkuu wa idara yuko safarini Dar es Salaam. Wiki tatu zimekwenda, na zabuni haijatangazwa.

Mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, huendesha zabuni mtandaoni. Lakini hauwezi kumbunia mtu mahitaji yake.

Wakati huo kalenda haisubiri. Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni, na idara zilizolala tangu Julai huamka Mei. Mzigo ukiingia siku za mwisho, kamati ya ukaguzi na mapokezi inahesabu maboksi badala ya kuyafungua, mtunza stoo anaingiza kwenye leja alichoambiwa, na mhasibu anaona hati ya agizo, hati ya mapokezi na ankara vinakubaliana. Analipa. Printa isiyowaka hugunduliwa Agosti.

Kwa hiyo ukikuta ofisi ya serikali inapakua printa tarehe 28 Juni, usianze na Bodi ya Zabuni. Uliza kwanza idara iliyoziomba ilipeleka maombi yake lini, na yalirudishwa mara ngapi.