Je, Wajua? Ukali wa kasiksi hupimwa siku mbili

Je, wajua kwamba ulimi hauwezi kukuambia kasiksi ina alkoli kiasi gani? Utamu unaousikia kwenye hiyo pombe ya ndizi ya Masisi ni sukari ambayo chachu bado haijaila. Ile kavu, isiyo na utamu tena, ndiyo imekwisha kugeuka.

Wajua sukari inaenda wapi? Gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za alkoli na gramu 88 za hewa ya kaboni, ile inayotokota kwenye bido. Hewa inatoroka, alkoli inabaki. Na alkoli ni nyepesi: lita yake ina gramu 789 tu, maji yana karibu 1,000.

Kwa hiyo mizani inatosha. Jaza maji ya ndizi kwenye chupa ya lita 1 hadi alama, kabla hayajachacha, upime bila kuhesabu uzito wa chupa. Tuseme ni gramu 1,070. Kasiksi ikishaiva, jaza tena hadi alama ileile: gramu 1,020. Tofauti ni 50. Zidisha kwa 0.131, upate asilimia 6 na nusu hivi. Densimita ya kioo hufanya kazi hiyohiyo kwa kuelea.

Wajua makosa yanaingilia wapi? Unga wa mtama unaotiwa kwenye kasiksi, usipochujwa, huongeza uzito. Povu hudanganya, basi tikisa kwanza hewa itoke. Kama unaongeza maji, pima baada ya kuyaongeza. Vipimo vyote viwili vifanywe kwenye joto moja. Anayepima mwishoni peke yake hapati jibu.

Je, wajua lita moja ya kasiksi hiyo ina mililita 65 za alkoli? Chupa ya bia ya sentilita 72, yenye asilimia 5, ina 36. Mtu anayesema amekunywa "ndizi tu" amekaribia chupa mbili za bia.

Kwa kanyanga hesabu hii haifai. Pombe iliyochemshwa ina kipimo chake.

Mama unayetengeneza kasiksi, andika namba ya kwanza kwa makaa ubavuni mwa bido kabla hujaifunika. Mnywaji wako ana haki ya kujua anachokunywa.