Flaibeki: Umeme Uliokaa Chogoni

Ukifika kwenye kibanda cha fundi wa redio na televisheni, inama utazame chini ya meza yake. Hukosi boksi lenye vidude vyeusi vya ukubwa wa ngumi. Kila kimoja kina vijiti kama kumi vya kuchomekea kwenye bodi, vifundo viwili vya kuzungusha ubavuni, na waya mnene, mara nyingi mwekundu, unaoishia kwenye kikombe cha mpira. Televisheni zenyewe zilishauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na maboksi yake ya plastiki yamekuwa viota vya kuku uani. Lakini hivyo vidude fundi havitupi ng'o. Mwenyewe anaviita flaibeki.

Je, wajua kwamba flaibeki ya TV ya chogo ya rangi hutoa volti 25,000 hivi? Soketi ya ukutani ina volti 230. Zile nyaya zinazopita juu ya nguzo mitaani, kabla hazijafika kwenye transfoma ya mtaa, nyingi hubeba volti 11,000, na kubwa zake 33,000. Miaka yote ile tuliyokaa sebuleni kusubiri taarifa ya habari, tulikuwa na volti zaidi ya mara mbili ya zile 11,000 za nguzoni, zimefunikwa kwa plastiki na juu yake pametandikwa kitambaa cha kufuma.

Umeme wote huo ulikuwa wa nini? Chogo ni chupa kubwa ya kioo isiyo na hewa ndani. Shingoni mwake kuna kijidude kinachopashwa moto mpaka kinatoa elektroni, na mbele kuna kioo kilichopakwa unga unaong'aa ukipigwa. Elektroni ikitambaa tu mpaka pale, unga haushtuki. Sharti ifike kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kazi ya volti 25,000: huivuta elektroni mpaka ifikie kasi ya kilomita 90,000 hivi kwa sekunde, karibu theluthi ya mwendo wa mwanga. Kwa kasi hiyo ungeizunguka dunia mara mbili na ushee kabla hujamaliza kusema "moja". Karl Ferdinand Braun alitengeneza chupa ya namna hii Ujerumani mwaka 1897, na kwa miongo mingi vioo vya televisheni duniani vilikuwa wajukuu zake.

Sasa hapa ndipo ninapoipendea flaibeki. Mtu angedhani kwamba ili upate volti nyingi namna hiyo lazima uwe na mtambo mkubwa. Flaibeki haina ukubwa wowote. Hila yake iko kwenye kukatisha.

Umewahi kufunga ghafla bomba la maji lililokuwa likitoka kwa nguvu? Ukutani unasikia "du!", na bomba linatikisika. Maji yaliyokuwa mbioni hayakubali kusimamishwa kwa amri. Mwendo wake wote unageuka msukumo, na msukumo huo unapita kwa mbali ule wa kawaida wa bombani. Umeme unaopita kwenye waya uliozungushwa juu ya kiini cha sumaku una tabia hiyohiyo. Uache uingie taratibu, ujenge sumaku yake, kisha uukate ghafla. Sumaku inaanguka, na katika kuanguka kwake inasukuma volti ambazo hukuziingiza. Ndani ya televisheni, volti mia moja na kidogo zilizokuwa zikiingia huruka upande wa kwanza wa flaibeki hadi kupita 1,000. Upande wa pili, wenye maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kama unywele, huzipandisha hadi 25,000.

Nani anayekata? Transista moja kubwa iliyofungwa kwenye bati la kupozea. Na inakata lini? Hapo waliobuni televisheni walionyesha ujanja wa kubana matumizi ambao hata mama wa nyumbani mwenye bajeti ngumu angewavulia kofia. Mwale wa elektroni huandika picha kama mwanafunzi anavyoandika daftarini: kutoka kushoto kwenda kulia, mstari mmoja baada ya mwingine. Ukifika pambizoni lazima urudi kushoto haraka kuanza mstari mpya. Kuurudisha kunataka sumaku inayouongoza izimwe kwa ghafla. Basi wakaona, kama sumaku inaanguka kila mstari bure bure, kwa nini anguko hilo lisitupatie umeme mkubwa tunaouhitaji? Kazi mbili kwa tendo moja. Ndiyo maana kidude hiki kikapewa jina la Kiingereza lenye maana ya kurudi mbio.

Picha ya televisheni tulizotumia ilikuwa na mistari 625, na picha 25 kila sekunde. Zidisha: mara 15,625 kwa sekunde moja transista inaruhusu na kukata. Kila mstari unachukua mikrosekunde 64, yaani sekunde moja iliyokatwa vipande milioni, ukachukua 64. Na kurudi kwa mwale kunakula kama 12 tu kati ya hizo. Flaibeki ilikuwa ikitetemeka kwa mwendo huo, na mtetemo wake ukatoa sauti nyembamba mno, "tiiii", ambayo watoto waliisikia na wazee hawakuisikia. Kama uliwahi kumwambia babu "TV inalia" naye akakuambia acha uongo, hamkuwa na mkosaji. Sikio la mwanadamu hupoteza sauti za juu kadiri umri unavyosogea.

Kiini cheusi kinachoonekana kimejitokeza pembeni kama pete ya mstatili si chuma cha kawaida. Chuma kikisukwasukwa na sumaku mara elfu kumi na tano kwa sekunde, umeme unazunguka ndani yake bila kazi na kinachemka. Kiini hiki ni feraiti: kutu ya chuma iliyochanganywa na madini mengine kama manganizi na zinki, ikasagwa, ikashindiliwa kwenye umbo, ikachomwa tanurini kama chungu. Na kama chungu, ukiiangusha sakafuni inavunjika. Iligunduliwa Tokyo mwaka 1930 na Wajapani wawili, Yogoro Kato na Takeshi Takei, na mwaka 1935 ikaanzishwa kampuni ya kuitengeneza, ambayo leo tunaijua kwa jina la TDK. Wengi wetu tulilijua jina hilo kwenye kanda za kaseti. Kampuni iliyoanza na kiini cha sumaku ikaja kutuuzia taarabu, si mbaya.

Kukatisha umeme ili kupata umeme mkubwa hakukuanza na televisheni. Mwaka 1836, padri na mwalimu Nicholas Callan wa chuo cha Maynooth, Ireland, alizungusha nyaya mbili juu ya chuma, akawa anakatakata umeme wa betri kwenye waya wa kwanza na kupata mshtuko wa kutisha kwenye wa pili. Chuoni hapo inasimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja aliyejaribiwa nao alizimia, na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Dublin. Koili za namna hiyo ziliboreshwa na Heinrich Ruhmkorff huko Paris, na ni koili iliyoitwa kwa jina lake ambayo Wilhelm Röntgen aliitumia Würzburg mwaka 1895 alipogundua mionzi ya eksirei.

Wala huhitaji kwenda Würzburg. Fungua boneti ya Peugeot 504 au Land Rover ya zamani ya petroli. Kile kikopo cha mviringo mafundi wanachokiita koili kinafanya kazi ya Callan: platini zinafunguka, umeme wa betri ya volti 12 unakatika, na kwenye plagi inaruka cheche ya maelfu ya volti. Fundi magari na fundi televisheni wanaweza kupita maisha yao mtaa mmoja bila kujua kwamba wanachezea kitu kimoja.

Undugu na Röntgen nao si wa kupuuzwa. Elektroni iendayo kasi ikigonga kitu kigumu hutoa eksirei kidogo, kwa hiyo TV ya chogo ni binamu wa mashine ya hospitali. Kioo chake kikatiwa madini ya risasi ili kuzuia mionzi hiyo. Mwaka 1967 ilibainika Marekani kwamba baadhi ya televisheni za rangi za General Electric zilikuwa zikivujisha eksirei kupita kiasi. Mwaka uliofuata bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya elektroniki. Risasi hiyo bado imo kwenye vioo vilivyotupwa majalalani, nalo ni jambo la kukumbuka unapoona watoto wakivirushia mawe.

Televisheni zilipoanza kufa, flaibeki zikapata kazi nyingine. Wapenda ufundi wa nchi nyingi huzichomoa na kujitengenezea chanzo cha umeme mkubwa cha mezani. Mpango wa kale kabisa una vitu vichache: flaibeki, betri ya volti 12, transista ya 2N3055 kwenye bati la kupozea, rezista mbili, na waya mnene unaozungushwa mizunguko kadhaa kwenye ule upande wa feraiti ulio wazi. Waya wa pili, wa mizunguko michache, unarudisha habari kwa transista: sumaku ikipanda inaiambia endelea, ikisita inaiambia kata. Hivyo transista inajiwasha na kujizima yenyewe maelfu ya mara kwa sekunde, bila bodi wala chipu. Upande wa pili unatoka uzi wa zambarau unaonguruma, wenye harufu kali ya ozoni. Hewa kavu hupasuka kwa kama volti 3,000 kwa kila milimita, kwa hiyo urefu wa cheche unakupa makadirio ya volti ulizonazo, ingawa ncha kali hudanganya: huvuta cheche ndefu zaidi.

Flaibeki mpya zaidi zina diodi zilizozikwa ndani, katikati ya matabaka ya waya, na zote zimemwagiwa gundi ngumu. Zinatoa umeme wa upande mmoja, kama wa betri, na huwezi kuzitengeneza: ukiipasua ndiyo umeiua. Zikiharibika huanza kulia "ta, ta, ta" gizani, cheche zikitoroka kwenye ufa mwembamba. Sisi wa mwambao tunazijua zaidi, maana vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi, umeme unapata njia ambayo haukuchorewa.

Kuhusu hatari, watu wana kauli mbili, na zote mbili zina kasoro. Mmoja atakuambia volti 25,000 ni kifo cha papo hapo. Mwingine atakuambia haziui kwa sababu ampea zake ni ndogo. Kweli, mwale mzima wa TV hutumia kama sehemu ya elfu ya ampea. Lakini chupa yenyewe, kwa kuwa imepakwa grafiti ndani na nje, ni kapasita: hubaki na chaji siku kadhaa baada ya kuchomoa waya ukutani. Mimi iliwahi kunipata kiwikoni nikiwa kijana, kwenye TV iliyokuwa stoo tangu juma lililopita. Haikuniua, bali mkono uliruka wenyewe ukagonga ukuta na kuvunja kikombe cha chai kilichokuwa rafuni. Ningekuwa juu ya ngazi ningesimulia mengine, au nisingesimulia. Ndiyo maana fundi mzoefu, kabla ya kugusa kile kikombe cha mpira, huchukua bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki, akaifunga kwa waya kwenye ule mkanda wa nyaya unaozunguka mgongo wa chupa, akaipenyeza polepole chini ya mpira mpaka asikie "pa!". Kisha anarudia. Na mkono wake mwingine uko mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Wala usiichanganye flaibeki na transfoma ya maikrowevu, ambayo ni mnyama mwingine kabisa. Hiyo hutoa volti kama 2,000 tu, ambazo mbele ya flaibeki zinaonekana mchezo, lakini nyuma yake kuna ampea za kutosha kusimamisha moyo bila kujadiliana. Huko Marekani watu kadhaa wamekufa wakiitumia kuchorea mbao nakshi za mfano wa matawi ya mti. Kama umesoma mpaka hapa ukaona mikono inawasha kutaka kujaribu, hilo moja lipitie mbali.

Turudi kwenye chogo zetu. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar, ambayo ilianza na rangi moja kwa moja. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia. Chogo hazikufa siku hiyo. Zilifungwa king'amuzi zikaendelea. Zilizoziua ni TV bapa, ambazo hazina chupa, hazina mwale wa kurudi mbio, na kwa hiyo hazina flaibeki.

Kama chogo moja bado iko stoo kwenu, usimwachie mtoto aifungue, wala usiivunje kioo ili uuze shaba. Mpelekee fundi. Ataitoa chaji, atazungusha vile vifundo viwili, cha juu cha kunoa picha na cha chini cha mwanga, atategea sikio, na atakuambia kama flaibeki yake bado nzima.