Lawama Zinapoishia Mezani kwa Nesi

Mgonjwa akitoka zahanati ya Majengo au Ganjoni, Mombasa, akinung'unika kwamba nesi amemfokea, hukumu huwa tayari: nesi huyo hana utu. Huenda ni kweli. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini usiotafutiwa dawa, likataja sura zake tatu: mtu kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kuona kwamba analolifanya halina tija. Anayefoka leo pengine aliifikia sura ya pili zamani, wala hakuna aliyemuuliza.

Chukua nesi aliyeajiriwa kisiwani Mombasa kabla ya ugatuzi. Mwaka 2013 mwajiri wake aliacha kuwa wizara ya Nairobi akawa serikali ya kaunti, na mshahara, kupandishwa cheo na ruhusa ya kwenda kusoma vikahama pamoja naye. Uhamisho wa kumfuata mume Nakuru, ambao zamani ulimalizwa na wizara moja, sasa wahitaji kaunti mbili zikubaliane. Mwaka huohuo ada zikafutwa katika zahanati na vituo vya afya. Ni jambo jema, ila foleni ikirefuka humfikia nesi kwanza. Mwaka 2017 wauguzi waligoma nchi nzima kwa takriban miezi mitano. Mei 2020 Mji wa Kale ukafungwa kwa ajili ya korona, watu wasiingie wala kutoka kwa mwezi mzima, na mimba na chanjo za watoto hazikungoja. Kisha Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikachukua nafasi ya bima ya hospitali ya taifa, NHIF, iliyokuwapo tangu 1966.

Mama mjamzito ameketi kwenye benchi, kijitabu cha mama na mtoto mkononi. Kabla hajapimwa presha, jina lake litafutwe kwenye kompyuta, katika mfumo wa SHA. Nambari ya siri ya kumthibitisha imetumwa kwa simu, na simu anayo mumewe, yuko bandarini kazini. Mtandao ukipotea, mama na nesi wangoje. Jina likishapatikana, habari zake ziandikwe tena kwa kalamu kwenye lile daftari kubwa, maana daftari halijaondoka. Akiandikiwa dawa ambayo haipo stoo, atauliza imekwenda wapi, na wa kumjibu ni nesi, ambaye hakuulizwa neno mfumo ulipotungwa wala dawa zilipoagizwa. Kinachommaliza mtumishi huyu, naamini, si mabadiliko yenyewe. Ni kusimama kila siku mbele ya jirani zake akijibia maamuzi ya watu ambao mgonjwa hatawaona.

Wapo watakaosema shida ni pesa tu. Kuchelewesha mshahara ni dhuluma, hilo halina mjadala. Lakini Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alihitimisha mwaka 1959 kwamba malipo duni na mazingira mabaya humkera mtu, ilhali kinachomridhisha ni kazi yenyewe, kutambuliwa na kukabidhiwa madaraka. Ukimlipa kwa wakati utakuwa umemwondolea kero. Hujamrudishia kazi yake. Wengine watasema sera ya nchi haiwezi kungoja maoni ya kila zahanati. Kweli, na matibabu bila malipo karibu na nyumbani ni haki ya kupiganiwa. Lakini saa ambayo foleni ya kliniki hufurika, siku ambayo friji ya chanjo husumbua, hatua ya usajili inayoweza kungoja hadi mama apimwe, anayezijua ni nesi. Mfumo uliopangwa bila yeye utakwama kwake, na utakwama mgonjwa akiwa amekaa pale pale.

Tangu 2023 kuna sheria inayoviruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na fedha vinazozikusanya na kuzitumia papo hapo. Kaunti ya Mombasa ianzie hapo. Kabla fedha hizo hazijapangiwa kazi, wauguzi, maafisa wa kliniki na watoa dawa wa kila zahanati wakae kikao, waseme kinachowakwamisha, na yaliyoandikwa yajibiwe kwa maandishi. Nawe msomaji unayempeleka mtoto kliniki kesho, mtandao ukipotea au dawa ikikosekana, peleka malalamiko yako ofisi ya afya ya kaunti. Nesi umsalimie.