ELIMU YA KINYWA, MSWAKI NA KARAFUU: YALIYOTHIBITISHWA NA YASIYOTHIBITISHWA

Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto afikapo umri wa miaka sita hivi. Huota nyuma ya magego yote ya utotoni, bila ya jino lolote kung'oka ili kulipisha. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hulidhania kuwa ni jino la utotoni, na likianza kutoboka huliacha kwa matumaini kwamba litang'oka na kuota jengine. Halioti jengine. Mtoto aliyelipoteza akiwa na miaka tisa amelipoteza kwa maisha yake yote. Katika mambo ambayo elimu ya afya ya kinywa inapaswa kuwafikishia wananchi wa Unguja na Pemba, hili pengine ndilo la mwanzo, nalo halihitaji fedha.

Uwezo wa elimu ya namna hiyo umeonekana wazi katika kisiwa kimoja cha Denmark kiitwacho Bornholm. Mwaka 1987 huduma ya meno ya mji wa Nexø, uliomo kisiwani humo, iliamua kupunguza uzibaji wa meno na kuweka nguvu katika mafunzo. Wazazi walielezwa kwamba kuoza kwa jino ni ugonjwa unaoanzia pale ukoga unapoachwa kukaa, na kwamba ukoga ukiondolewa kila siku ugonjwa husimama. Aidha, walifundishwa jambo ambalo kwa kawaida halitajwi: gego linaloota huchukua miezi mingi kupanda, na muda wote huo huwa chini kuliko wenzake, hivyo mswaki unaosuguliwa mbele na nyuma hupita juu yake bila ya kuligusa. Mzazi hana budi kuuingiza mswaki kutoka ubavuni, kukingama na safu ya meno, na kulisugua gego hilo peke yake. Watoto waliokuwa katika hatari zaidi waliitwa mara nyingi, na wengine mara chache. Baada ya miaka, watoto wa Nexø walihesabiwa miongoni mwa wenye meno mazima zaidi katika Denmark. Mpango huo ulijaribiwa pia mjini Moscow, ukaleta matokeo mazuri.

Ukoga ni utando wa vijidudu. Vijidudu hivyo hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi hula madini ya jino. Mate huyarejesha madini hayo iwapo yatapewa nafasi, na hapo ndipo lilipo suala la mara ngapi mtu anakula vitu vitamu. Utafiti uliofanywa Sweden katika hospitali ya Vipeholm kuanzia mwaka 1945 ulionesha kwamba sukari inayoliwa pamoja na mlo huongeza madhara kidogo tu, lakini peremende zinazonata zikiliwa kati ya mlo na mlo huozesha meno kwa wingi. Waliolishwa peremende hizo walikuwa wagonjwa wenye ulemavu wa akili ambao hawakuombwa ridhaa; utafiti wa aina hiyo usingeruhusiwa leo, na haifai kuutaja bila ya kulisema hilo.

Kuhusu vitu vya asili, cha kwanza kutajwa ni mswaki wenyewe, yaani mti ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Lugha imehifadhi historia yake: brashi ya plastiki ilipofika ilichukua jina la kijiti. Waislamu wanautumia kwa kufuata Sunna, na mwezi wa Ramadhani huonekana kwa wingi zaidi. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya vijiti vya kusafishia meno pale ambapo ni desturi, na mwaka 2000 mkutano wa wataalamu uliona kwamba utafiti zaidi unahitajika. Miongoni mwa utafiti uliofuata ni ule wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden, uliochapishwa mwaka 2011. Huo ulibaini kwamba mzizi wa mswaki una kemikali ya jamii ile ile inayoipa haradali ukali wake, nayo huua baadhi ya vijidudu vinavyohusika na maradhi ya fizi. Lakini kijidudu kilichouawa katika chombo cha maabara si sawa na kinywa kilichopona.

Tafiti zilizolinganisha kijiti na brashi katika vinywa vya watu hazikukubaliana. Baadhi zilikuta vinalingana, nyengine zilikuta kijiti kiko nyuma. Upungufu wake mkubwa ni kwamba huyafikia kwa shida magego na upande wa ndani wa meno. Wanaosugua kwa nguvu kwa kukingamisha huenda wakazisukuma fizi zikapungua. Kijiti kiwe kibichi, kimenywe ganda kiasi cha sentimita moja, kitafunwe hadi nyuzi zilainike, kisha kipitishwe kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino. Nyuzi zilizotumika zikatwe kila siku.

Mswaki wa mti hauna floraidi ya kutosha kulikinga jino, na hapo hakuna mmea ulioweza kushika nafasi ya dawa ya meno yenye madini hayo. Dawa hiyo iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Kwa mtoto asiyetimiza miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele kinatosha; kwa wa miaka mitatu hadi sita, punje ya njegere. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi. Floraidi ikizidi nayo hudhuru, kama yanavyoonesha meno ya rangi ya kahawia ya wakaazi wa baadhi ya sehemu za Arusha, ambako maji ya kunywa yana madini hayo kupita kiasi.

Karafuu ina hadhi yake katika udaktari wa meno. Mafuta yake, ambayo hukamuliwa hata kutokana na makonyo katika kiwanda cha Wawi, Pemba, yana yujenoli inayotia ganzi, na madaktari huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Ila kupungua kwa maumivu si kupona. Tundu huendelea kukua kimya kimya. Mafuta hayo yakitiwa bila ya kupunguzwa makali huunguza fizi, na watoto wadogo waliowahi kuyameza wamedhurika ini na kupoteza fahamu. Chupa yake iwekwe mbali nao.

Si kila cha asili ni salama. Ndimu hula ngozi ngumu ya jino kwa asidi yake, na mkaa huikwaruza. Tambuu, yenye tumbaku au isiyo na tumbaku, ilitangazwa mwaka 2004 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa inasababisha saratani.

Kwa jino lililokwisha kutoboka ipo njia iliyoanza kutumika Tanzania Bara katikati ya miaka ya 1980, ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi. Sehemu iliyooza hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji ya meno inayotoa floraidi. Haihitaji umeme wala mashine, na mara nyingi haihitaji sindano, hivyo inaweza kufanyika hata skulini. Tundu dogo la gego huzibwa kwa kikao kimoja. Likiachwa mpaka likamwamsha mtoto usiku, mara nyingi linalobakia ni kulin'goa.