Nusu ya picha si nusu ya bei

Mzazi wa Sigino anayepeleka kwa seremala picha mbili za mahafali, moja A3 na nyingine A4, hutarajia ile ndogo itozwe nusu, kwa kuwa ni nusu kamili ya mwenzake. Akitajiwa bei anaguna: “Fundi, mbona zinakaribiana hivi?”

Fundi hajamwibia. Chukua mbao yenye upana wa sentimita 5. A4 inataka sentimita 101 za mzunguko wa picha yenyewe, kisha 40 za kona, kwa sababu kila kipande hukatwa nyuzi 45 na ncha zake kutokeza nje ya picha. Jumla 141. A3 inakula 183. Picha imepungua nusu, mbao haijapungua hata robo. Na kona ni nne vilevile: kupima, kukata, gundi, misumari, msasa, vanishi. Kona ikiacha upenyo mwembamba kama ukucha, mgeni anauona akiwa bado mlangoni. Muda wa fundi unaishia hapo.

Halafu kuna mabaki. Mbao ya futi 12 ni sentimita 366. Fremu mbili za A3 zinataka 367, hapo hujahesabu kinacholiwa na msumeno. Kwa sentimita moja tu fundi anaanza mbao ya pili, na asipokuwa na mteja wa picha ndogo, kipande kitakachobaki unakilipia wewe. Mwambie apasue upana wa sentimita 4: zote mbili zitatoka kwenye mbao moja.

Kioo nacho kina yake. Cha milimita 3 kina uzito wa kilo 7.5 kwa mita ya mraba. Kwenye A4 hakifiki nusu kilo, lakini kwenye A1 kinakaribia kilo 4, na hapo paini nyembamba iliyoshikwa kwa gundi haifai. Unaingia kwenye mninga au mkangazi. Kioo kikitoka Arusha hadi Sigino, kinasafiri zaidi ya kilomita 160, na kinachovunjika njiani kinalipiwa na vilivyofika salama.

Mimi ningebana kwenye urembo wa mbao, si kwenye kadibodi ya pembeni, ambayo wengi huikataa wakidhani ni pambo. Kazi yake ni kuitenga picha na kioo. Vikigusana, unyevu wa masika huvigandisha, na siku ya kuitoa picha, sura ya mtoto inabaki kwenye kioo. Usikubali pia boksi la sabuni liwekwe mgongoni: asidi yake huigeuza karatasi kahawia.