Barua pepe imetoka kwa jina lako, na si wewe uliyetuma

Saa kumi na moja alfajiri simu yangu ilianza kulia kama imepagawa. Nilidhani ni mteja amenikumbuka. Kumbe ni mtu anayejiita "Mail Delivery Subsystem". Kufikia wakati wa chai alikuwa ameniandikia zaidi ya mara 200, na kila mara habari ni ile ile: barua uliyotuma haikufika, anwani hiyo haipo.

Shida ni kwamba sikuwa nimetuma kitu. Nilikuwa nimelala.

Huenda nawe yamewahi kukupata, ukazifuta zote ukaendelea na maisha yako. Nami nilifanya hivyo hivyo. Ilinigharimu.

Baada ya kuacha chuo nilijitafutia riziki kwa kuchora nembo na menyu za biashara ndogo ndogo. Ili nionekane niko serious, nikanunua domeni yangu na anwani ya barua pepe yenye jina la biashara. Siku mbili baada ya zile barua, mama mmoja anayeuza keki akanipigia. "Kijana wangu, nimelipa ile pesa. Lakini mbona ulibadilisha till?"

Nikaishiwa na nguvu. Sikuwa nimebadilisha till yoyote.

Alinitumia ile barua niione. Ilisema ankara yake haijalipwa, atume pesa kwa namba mpya. Anwani ya mtumaji? Yangu, herufi kwa herufi. Na kwa sababu kweli alikuwa na deni langu la 7,500, hakushuku. Alipojaribu kurudisha muamala, pesa ilikuwa imeshatolewa.

Sasa skia vile hii kitu hufanya kazi.

Chukua bahasha ya posta. Mbele unaandika anapoenda, nyuma unaandika S.L.P. yako. Nani hukagua kama hiyo S.L.P. ni yako kweli? Hakuna. Ukiandika ya jirani, barua itaenda tu, na ikikosa mwenyewe itarudishwa kwa jirani, ambaye atabaki akishangaa. Barua pepe ni hivyo hivyo. Mfumo unaozisafirisha, SMTP, uliandikwa mwaka 1982, enzi ambazo watu wa mtandaoni walikuwa wachache na waliaminiana. Haukuwekwa mlinzi wa kuuliza kitambulisho.

Kwa hivyo tapeli hahitaji nenosiri lako. Anaandika tu jina lako kwenye nafasi ya mtumaji, anafyatua maelfu ya barua kwa anwani za kubahatisha, na zile ambazo hazipo zinakurudia wewe. Zile 200 zangu zilikuwa moshi. Moto ulikuwa kwa wale waliozipokea.

Kwa hivyo zikikujia, usizifute mbio. Kwanza ingia kwenye folda ya zilizotumwa. Kisha angalia ni simu na kompyuta gani zimeingia kwenye akaunti yako, na kama kuna mtu ameweka amri ya kupeleka barua zako kwingine. Ukipata kitu usichokijua, basi umeingiliwa: badilisha nenosiri, toa vifaa vyote, washa uthibitisho wa hatua mbili. Ukikuta kila kitu kiko sawa, kuna uwezekano mkubwa kwamba jina lako limeazimwa tu. Lakini usitegemee folda pekee, maana mwizi aliyeingia anaweza kufuta alichotuma.

Halafu kuna mtego mwingine. Barua zingine za "haikufika" zenyewe ni feki. Zikikwambia ubonyeze mahali uweke nenosiri ili upate barua zilizokwama, achana nazo. Barua ya kweli ya kurudishwa hukupa habari tu, haikuombi nenosiri.

Kama una domeni yako, kuna dawa, na haihitaji pesa. Kuna maandishi matatu ya kuweka kwenye mipangilio yake. SPF ni orodha ya seva unazoziruhusu kutuma kwa jina lako. DKIM ni sahihi ya kidijitali kwenye kila barua. DMARC inamwambia anayepokea afanye nini na barua isiyotimiza masharti: aiache ipite, aitupe kwa spamu, au aikatae kabisa. Aliyekuuzia domeni anaweza kukuonyesha pa kuyaweka. Anza na ile ya kuacha zipite huku ukisoma ripoti, ukiona barua zako halali hazina shida, kaza hadi kukataa. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawadai wanaotuma barua nyingi wawe na zote tatu. Mimi sikuwa na hata moja. Mlango ulikuwa wazi, nami nililala fofofo.

Usidanganyike, hii haimzuii tapeli anayesajili domeni inayofanana na yako, herufi moja tofauti. Ndiyo maana wateja wangu wote sasa wanajua sheria moja: nikibadilisha namba ya malipo, nitakupigia simu na utasikia sauti yangu. Ukipata barua tu, usilipe.

Ukitapeliwa, weka ushahidi, usifute barua, kisha piga ripoti polisi na kwa KE-CIRT, kitengo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Utapeli wa aina hii ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018.

Na yule mama? Tulikaa chini tukaongea. Yeye hakukosea, aliona jina langu akaniamini. Nikamfutia nusu ya deni, nusu akalipa polepole. Bado ni mteja wangu. Lakini nikimtumia ankara siku hizi, lazima kwanza anipigie: "Kijana wangu, hii ni wewe kweli?"

Namjibu ni mimi, Mama. Na nafurahi ameuliza.