Tatuu ya kanji: Ulitaka pete, ukachorwa jiko

Herufi za Kijapani zinapendeza mwilini, hilo hatubishi. Lakini kabla hujampa mchoraji mkono wako, sikia yaliyompata Ariana Grande.

Januari 2019, mwanamuziki huyo wa Marekani alichorwa kiganjani jina la wimbo wake, "7 Rings", kwa kanji. Herufi zilikuwa mbili: 七, yaani saba, na 輪, yaani duara au pete. Moja moja, mambo sawa. Ziunganishe sasa: zinasomwa shichirin, jiko dogo la makaa la kuchomea nyama. Na huyu alikuwa akijifunza Kijapani!

Alieleza kwamba aliruka herufi za katikati kwa sababu ya maumivu. Maneno kamili ni 七つの指輪. Baadaye akaongeza 指, herufi ya kidole, ila ikakaa mahali pasipo pake. Jiko likabaki jiko.

Kanji ndivyo zilivyo: herufi ikipata jirani, maana inageuka. Programu ya simu inaweza kukupa herufi moja moja, wewe ukaziunga vibaya. Naye mchoraji anafuata tu picha uliyompelekea, huenda hata hajui kuisoma.

Basi fanya hivi: tafuta mtu anayesoma Kijapani. Usimwambie ulichokusudia. Mwonyeshe mchoro tu, akusomee. Akisema "jiko", shukuru kwamba wino bado uko chupani.